Wanaoshuka Darajani

Mimi sina dogo, nalisema hilo mapema ili mtu asije akanilaumu huko mbele. Kitu kisiponipendeza nakisema hapo hapo. Chapati ikiungua nasema imeungua, ukitaka kula kula, hutaki acha. Ndivyo watu wa Igoma wanavyonijua, Nasma, mama Khalidi, muuza chai wa darajani, barabara ya Musoma. Na ndiyo maana jirani yangu wa miaka kumi na moja, mzee Malimi, alikuwa ananishangaza. Yule mzee angeweza kukaa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri hajatia neno.

Ni fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa hatua sita kutoka jikoni kwangu: nguzo nne, mabati mawili, karai la maji la kutafutia matundu ya tyubu, na pampu moja ndefu ambayo mpini wake aliuchonga mwenyewe. Zamani alikuwa na foleni. Siku hizi vijana wote ni bodaboda, wanampita kwa vumbi, na kazi yenyewe imebaki ya kuziba kiraka hapa na kukaza spoku pale. Muda mwingi alikuwa anafuta vitu ambavyo tayari vilikuwa safi.

Mkewe, Dorotea, nilimfahamu vizuri. Alikuwa analeta chakula cha mchana kwenye hotipoti, na kicheko chake ulikuwa unakisikia kabla hujamwona. Presha ikamchukua, sasa ni mwaka wa saba. Binti yao Rose ameolewa Tunduma, anapiga simu Jumapili akitoka kanisani, akikumbuka. Mzee akabaki na nyumba yake ya vyumba viwili kule Kishiri na jogoo mmoja, na jogoo mwenyewe akaibwa.

Siku moja, ghafla tu, nikiwa nakanda unga, akaniambia, "Mama Khalidi, jana nimefika nyumbani saa kumi na mbili. Mpaka nimekuja hapa leo, sauti yangu sijaisikia."

Mimi nikamjibu, "Si ungeimba!" Nikacheka, na wateja wakacheka. Yeye akatabasamu kidogo, akarudi kwenye tairi lake. Nikikumbuka siku ile natamani ardhi inimeze.

Sasa lile daraja. Ukitoka Igoma kuelekea Kisesa, lami inashuka kidogo, inavuka kijito ambacho kiangazi hata kuku anavuka bila kulowa, halafu inapanda. Daraja lilijengwa enzi ambazo magari yalikuwa ya kuhesabika. Malori mawili yakikutana pale yanapishana kwa kubanana, na kingo za zege zimeanzia pale pale lami inapoishia, hakuna pa kuweka hata unyayo. Kwa hiyo wenye baiskeli, wabeba maziwa wa kutoka Kisesa na madumu yao kwenye keria, wabeba mkaa, wachuuzi wa dagaa wanaotoka ziwani kurudi vijijini, karibu wote wakifika pale walikuwa wanashuka. Wanasimama mbele ya kibanda cha mzee Malimi, wanavizia malori yaishe, kisha wanakokota baiskeli mbio mbio mpaka ng'ambo.

Na ukishashuka mbele ya mzee wa Kisukuma, huwezi kumwangalia tu kama nguzo ya umeme. "Mwangaluka, baba!" "Mwangaluka! Mhola?" "Mhola duhu." Hiyo ni habari za asubuhi, na jibu kwamba ni salama tu, lakini unafikiri inaishia hapo? Wataulizana nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua kwao imenyesha au bado, na yule shangazi aliyekuwa anaumwa mgongo. Mimi niliyezaliwa hapa hapa mjini, babu zangu watu wa Ujiji, nilikuwa nachoka kwa kusikiliza tu. Mzee Malimi hachoki. Wakati ule ndipo unamwona ana meno.

Lakini lazima mtu awe ameshuka. Kwao kijana hamsalimii mzee akiwa juu ya baiskeli, miguu iguse ardhi kwanza, la sivyo ni kumdharau. Anayeona hana muda wa kushuka anapiga kengele, anapita kimya. Hiyo nayo inaeleweka, hakuna anayenuna.

Masika ya mwaka juzi likatokea la Revocatus. Kijana wa Kisesa, mbeba maziwa, baba wa watoto wawili, mpole mpaka unamwonea huruma. Asubuhi ile alishuka kama wengine, akasalimia kama wengine, akamwambia mzee kwamba mtoto wake mdogo ameota jino. Akaanza kukokota. Katikati ya daraja malori mawili yakakutana, kioo cha pembeni cha moja kikamkumba begani, akaenda chini mtoni na baiskeli na madumu. Lori lile halikusimama mpaka leo. Mimi nilipiga yowe tu pale juu, mzee Malimi ndiye aliyeshuka, na umri ule, akamwinua kichwa kutoka kwenye maji yaliyokuwa meupe kwa maziwa. Revocatus aliishi siku tatu.

Baiskeli ilibaki kwetu. Mjane alisema hataki kuiona. Mzee Malimi akainyoosha rimu, akaisafisha, akaitundika kwenye nguzo ya nyuma ya kibanda. Nikamwambia aiuze, inamkalia bure. Akasema, "Ya mtu hiyo." Nikamwacha.

Basi mwaka huo huo, mwezi wa sita, tukasikia barabara inapanuliwa. Akaja binti mmoja na kofia ya plastiki na viatu vizito, injinia, anaitwa Precious. Mdogo tu, lakini ana adabu. Akamwamkia mzee, akaniamkia na mimi, akanywa chai yangu bila kukunja uso. Akasema mradi unataka kujua nani anapita pale darajani kabla hawajachora, na wanatafuta mtu wa kuhesabu kwa siku nne, mtu anayejua kusoma na kuandika na asiyesinzia. Nikamwonyesha mzee Malimi. Nikasema, "Huyu hapa, hana kazi nyingine zaidi ya kuangalia barabara." Mdomo wangu huu.

Alipewa fomu na ubao wa kubania. Safu ya magari madogo, ya malori, ya mabasi, ya pikipiki, ya baiskeli, ya waenda kwa miguu. Kila mmoja mstari mmoja. Precious akamwelekeza pole pole, mimi nikiwa nasikia yote, maana masikio yangu hayana mlango.

"Na anayekokota baiskeli, babu, huyo andika mwenda kwa miguu," akasema. "Baiskeli ni yule aliyepanda."

Mzee akanyanyua uso. "Anayekokota ni wa miguu?"

"Ndiyo, babu. Kanuni ya fomu hiyo, hata mimi nimeikuta."

"Wote?"

"Wote."

Mzee Malimi akaangalia daraja, akaangalia fomu, akasema, "Haya, mjukuu wangu." Niliona amekaa kimya kwa namna ambayo si ile ya kila siku. Ila mteja akaniita, nikaenda kumimina chai.

Siku nne alihesabu, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, hakwenda hata kula, nikawa nampelekea chapati pale pale. Na nilimwona kila mara, akishapiga mstari kwenye fomu, anatoa daftari dogo la shule mfuko wa shati, anaandika kitu, analirudisha. Nikamuuliza, "Unaandika nini huko, mapenzi?" Akasema, "Mambo yangu." Nikajua amenikatia kauli, nikabenua mdomo.

Miezi mitatu ikapita. Mchoro ukabandikwa ukutani ofisi ya mtaa, watu waende kuuona, na mkutano ungefanyika Jumamosi inayofuata. Mimi nilikwenda kwa ajili ya jiko langu, sikwenda kwa ajili ya mtu. Nikaona jiko langu halimo, limefutwa, napewa nafasi kule stendi, mwendo wa dakika kumi. Haya, hilo nilikuwa nimeshajiandaa nalo. Nikaendelea kuangalia. Daraja limetanuka, njia za magari zimekuwa pana, malori yatapita kama yanakimbizwa. Kando yake wamechora kidaraja cha waenda kwa miguu, kizuri, kina uzio. Kina ngazi kumi na mbili upande huu na ngazi kumi na mbili upande ule, na juu vyuma vya kuzuia bodaboda.

Ngazi! Nikasimama pale mpaka karani akaniuliza kama naumwa. Mtu ana lita sitini za maziwa kwenye keria, atapandaje ngazi? Hapandi. Atabaki kule chini na malori, na sasa malori yatakuwa na mwendo. Na pembeni wameandika sababu, kwa herufi ndogo, kwamba kwa siku nne baiskeli zilizopita ni ishirini na tatu.

Ishirini na tatu! Nilirudi darajani mbio, kanga inanivuka. "Mzee Malimi! Umehesabu kwa macho gani wewe? Baiskeli ishirini na tatu siku nne? Asubuhi moja tu kabla sijachemsha maji ya pili zimepita zaidi ya hizo!" Nikamweleza ngazi, nikamweleza vyuma, nikamweleza mwendo. Nilikuwa napiga kelele mpaka mwenye duka la vipuri akatoka nje.

Alikuwa ameshika spana. Akaiweka chini taratibu, akaipangusa mikono kwenye suruali. Akasema, "Mama Khalidi, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Binti aliposema anayekokota ni wa miguu, nilijua hesabu itatoka hivyo. Pale ni wachache mno wanaopita wamepanda. Ningeweza kumwambia. Nikanyamaza."

"Kwa nini unyamaze?"

Kuna mbeba mkaa alikuwa anashuka pale, mzee akamngoja asalimie, akamwitikia mpaka mwisho, ng'ombe na mvua na kila kitu. Yule alipovuka ndipo akanigeukia. "Wakitengenezewa njia yao, nani atashuka?"

Mara ya kwanza sikuelewa. Akasema tena, kwa sauti ndogo, "Watapita wamepanda, mama Khalidi. Hapa hawatasimama. Nitakuwa nakaa hapa na nani?"

Jamani, mtu mwingine pengine angelia naye. Mimi hasira ilinipanda hadi utosini. Nikanyoosha kidole kwenye ile baiskeli ya Revocatus pale kwenye nguzo, nikamwambia, "Kwa hiyo wafe, ili wewe usalimiwe?"

Ndiyo, nilisema hivyo, na watu wapo. Mzee Malimi alikaa kwenye kigoda chake, akaangalia maji ya kwenye karai. Sikumwomba radhi. Nilirudi kwenye jiko langu, na kwa siku nne hatukuongea. Chapati nilikuwa namtumia kwa mkono wa mteja. Hasira zangu ndizo hizo, zinanidhuru mwenyewe kuliko mtu mwingine.

Jumamosi mkutano ulifanyika uwanjani nje ya ofisi ya mtaa. Precious alikuwepo, na mchoro umetundikwa ubaoni, na wakubwa wawili wa mradi waliokuja na gari lenye vioo vyeusi. Wabeba maziwa walikuja wachache, wamesimama nyuma na baiskeli zao, wakiongozwa na Venant, mkubwa wao, mtu wa maneno makavu. Venant akauliza, "Sisi tunapita wapi?" Mkubwa mmoja akamjibu kwa upole kwamba takwimu zinaonyesha matumizi ya baiskeli eneo lile ni madogo mno, na fedha ya umma hufuata takwimu. Venant akasema, "Sisi ndio hapa, tuhesabu." Watu wakacheka. Mkubwa akasema takwimu hazichukuliwi mkutanoni.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaona mtu anasimama mbele kule, amevaa koti lake la kanisani, na joto lile. Mzee Malimi. Miaka kumi na moja sijawahi kumsikia akiongea mbele ya watu zaidi ya watatu.

"Mimi ndiye niliyehesabu," akasema. "Nimehesabu vibaya."

Precious akasimama haraka. "Hapana, babu, ulihesabu vizuri kabisa. Ulifuata maelekezo."

"Nilifuata maelekezo. Ila nilijua hayafai, nikanyamaza kwa faida yangu." Akatoa lile daftari la mfuko wa shati. "Hii ni hesabu nyingine. Siku zile zile nne. Watu mia nne na kumi na sita."

Mkubwa akauliza, "Hesabu ya nini hiyo, mzee?"

Hapo akasita. Aliangalia chini, halafu akasema, "Walionisalimia."

Wapo waliocheka. Wacha tu, na mimi nadhani siku nyingine ningecheka. Mkubwa yule akatabasamu, akataka kuendelea na mambo mengine, lakini Precious hakucheka. Akamwambia, "Soma, babu."

Mzee akavaa miwani. "Jumatano, saa kumi na mbili na nusu. Venant, wa Kisesa, maziwa. Ameniuliza mguu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kijana simjui jina, mkaa, magunia mawili. Amesema kwao mvua imenyesha. Saa moja kasoro tano. Mama wa dagaa, anarudi Magu. Amenipa pole ya mke wangu, hakujua kama ni siku nyingi. Saa moja na dakika tano..." Aliendelea. Kila mstari mtu, mzigo na neno moja alilomwambia. Vicheko vilikuwa vimeisha zamani. Alisoma ukurasa mzima, akafunua wa pili, na hakuna aliyemwambia aache.

Mwisho akavua miwani. "Hawa wote wana baiskeli," akasema. "Anayesimama kwangu ni mwenye baiskeli tu. Wa miguu kweli kweli wanapita chini kwenye kijia cha mtoni, hawanifikii. Hawa wanashuka kwa sababu wanaogopa kufa. Wasingeogopa wasingenisalimia. Mimi nilitaka waendelee kunisalimia, ndiyo maana sikusema. Nisameheni." Akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Kila mtu alikuwa anaangalia viatu vyake. Venant ndiye aliyetoka nyuma, akaiegesha baiskeli, akaenda mpaka pale mbele akampa mzee mkono, wa kushika kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nalia kama mtoto, na mtu angethubutu kuniuliza ningemtukana.

Hesabu ilirudiwa wiki mbili baadaye, na safari hii fomu ilikuwa na safu mpya ya wanaokokota. Sitaki kuwachosha. Mchoro ukabadilishwa, ngazi zikaondoka. Wakajenga njia ya baiskeli pande zote mbili, na ukingo wa zege unaoitenga na magari, na mteremko laini ambao hata mtoto anaupanda, na matuta mawili kabla ya daraja ili malori yapunguze kiburi. Njia ya miguu ikawa yake peke yake. Mwezi wa pili mwaka huu ikafunguliwa. Nasema ukweli, ni nzuri. Nilisimama pale nikaona mabinti wa shule wanapita wawili wawili juu ya baiskeli, wanaongea, hawaangalii hata nyuma.

Mimi nilikuwa nimeshahamia stendi. Kibanda cha mzee hakikuguswa, kilikuwa nje ya alama. Kikabaki pale pale, isipokuwa sasa kati yake na barabara kuna kingo, na nyuma ya kingo kuna njia, na kwenye njia wanapita.

Biashara ya stendi ina mambo mengi, na wiki tatu zikaisha tangu ufunguzi sijaenda kumwona. Nikajiambia nitakwenda kesho. Siku ya kwenda nilikwenda asubuhi, nikakaa upande wangu wa zamani karibu na pale jiko lilipokuwa, sasa pamewekwa zege, nikamwangalia kabla hajaniona. Wabeba maziwa walikuwa wanakuja. Unawaona wanatoka kule juu kwa kasi, madumu yanagongana, wakifika usawa wake wanapiga kengele. Kri kri, kri kri. Wengine wananyanyua mkono. Mwingine anafuata nyuma, na mwingine, huwezi kusimama hata ukitaka, utagongwa na mwenzako. Mzee Malimi alikuwa amesimama na spana yake mkononi, anawanyanyulia mkono wote, mmoja mmoja. Venant naye akapita, akapiga kengele mara tatu. Dakika kumi hivi wakawa wameisha, barabara nyeupe, na mzee akakaa.

Nikamwendea. Nikaanza kama kawaida yangu, "Wewe mzee, umekonda! Unakula nini siku hizi?" Akafurahi kuniona, akanisogezea kigoda. Lile daftari lilikuwa juu ya kisanduku cha spana. Nikalichukua, sikuomba ruhusa, mimi ndivyo nilivyo. Nikafunua kurasa za mwisho. Alikuwa ameandika tarehe, kila siku tarehe yake, tangu njia ifunguliwe. Chini ya tarehe hakuna kitu. Kurasa mbili nzima, tarehe tupu, isipokuwa Jumapili moja iliyoandikwa "Rose, simu."

Ili nisilie nikatafuta ugomvi. Nikarudi nyuma kwenye zile kurasa zilizojaa, nikawa najitafuta. Venant yumo, wa mkaa yumo, mama wa dagaa yumo mara tatu. Mimi simo. Nikamwambia, "Na mimi je? Miaka kumi na moja, hatua sita, sikuandikwa hata mara moja?"

Mzee Malimi akanitazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa na ubaya wowote. "Wewe hujawahi kunisalimia, mama Khalidi," akasema. "Wewe ulikuwa unakuja na maneno tu."

Nikakumbuka asubuhi zote zile, na kila moja niliianza na "wewe mzee" hivi, "wewe mzee" vile. Nilimuuliza kama anajuta kusema yale mkutanoni. Akaangalia njia, akaangalia ile baiskeli ya Revocatus kwenye nguzo.

"Tangu wafungue hajaumia mtu," akasema. "Hapana. Sijuti. Ila asubuhi ni ndefu."

Nikaondoka, maana nilikuwa nimeacha chai motoni kule stendi. Kesho yake niliamka mapema zaidi, nikamwachia Khalidi jiko, nikatembea zile dakika kumi kwa miguu. Alikuwa amechutama anakaza mnyororo, mgongo ameupa barabara. Nikasimama mbele ya kibanda nikiwa nimeshika kanga yangu. Sikusema umekonda, sikusema wewe mzee. Nikapiga goti kidogo, kama nilivyowaona wanawake wa Kisukuma wakifanya miaka yote ile.

"Shikamoo, mzee Malimi."

Aligeuka. Akasimama.

"Marahaba, mama Khalidi. Marahaba sana. Umeamkaje?"

Nikamwambia nimeamka salama. Akaniuliza nyumbani, akaniuliza Khalidi, akaniuliza biashara ya stendi, na kwa kuwa sina ng'ombe akaniuliza paka. Nikamjibu vyote, sikukatisha hata kimoja. Kisha nikaaga nirudi kwenye biashara yangu. Nilipofika kwenye tuta la kwanza nikageuka nyuma. Alikuwa ameshavaa miwani, daftari liko gotini, na anaandika.